Ndege Sita Hawavai Kofia

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na mwanao mbusu kwa niaba yangu. Umeniandikia kwamba kuhesabu mpaka kumi anajua, ila akiwekewa picha za ndege anasema "ndege watano, ndege wasita, ndege wasaba", nawe hujui umrekebishe vipi bila kumvunja moyo. Usimrekebishe. Kasikia wawili, watatu, wanne, watano, akagundua mwenyewe kwamba mbele ya hesabu ya ndege hukaa "wa". Hilo ni la kupigiwa makofi! Nimemtungia hadithi, msimulie kabla hajalala.

Kuna mti wenye tawi moja refu, na anayetua hapo huvalishwa kofia. Bundi yupo tangu jana na kakofia kake ka "m": ndege mmoja. Macho ya bundi hayazunguki, basi kila mgeni akitua yeye hugeuza shingo nzima kumtazama. Mwanao naye ageuze yake. Akaja njiwa, kofia zikawa "wa": ndege wawili. Akaja chiriku, watatu. Kunguru, wanne. Kasuku, watano.

Hapo akatua mbayuwayu, katoka ng'ambo ya bahari, kofia hana na hataki. Mtoto akisema "ndege wasita", basi ndege wasita kweli! Mguu mmoja juu, bawa nusu wazi, kimya. Wewe nawe ganda hivyo hivyo, usipepese hata kope, mpaka aseme "ndege sita". Ndipo tawi zima lipumue.

Korongo naye ni msafiri: ndege saba, kichwa wazi. Kanga ni jirani, anavaa: wanane. Hapa wengi huteleza, kwa kuwa wameshazoea kuacha kofia. Kisha keremkerem, msafiri tena. Ole wake atakayesema "watisa": ndege watasikia "watisha", wataruka wote, na hesabu ianze upya kwa bundi. Wa mwisho ni bata mzee. Yeye ni mwenyeji kabisa, ila kichwa chake kikubwa mno, kofia haiingii. Ndege kumi.

Habari ya wasafiri sikuizua. Sita, saba na tisa zilitufikia kutoka Kiarabu, na mbayuwayu wengi kila mwaka huruka kutoka Ulaya mpaka Afrika, kisha hurudi. Nilipokumbuka hayo mawili kwa pamoja, hadithi ikajitunga yenyewe.

Najua utasema "ndege wa sita" yupo. Yupo, lakini huyo ni mmoja tu, aliyefika baada ya watano. Asiingie kwenye hadithi kwanza; ndiyo maana mimi nimewaita kwa majina. Atakuja mwanao akishakua kidogo.

Akiwazoea ndege, mpeleke kwenye viota: kiota kimoja, viota viwili, viota vinane. Halafu mayai: mawili, matatu, manane. Kofia zinabadilika kila mara, na wasafiri wale wale watatu, pamoja na bata mzee, bado vichwa wazi. Mwache alione mwenyewe. Tafadhali usimwambie, hata akichelewa wiki nzima. Uso wake siku atakapoligundua natamani ningekuwepo kuuona.

Niandikie upesi. Nataka kujua kama aliweza kuganda bila kucheka, na nani kati yenu alicheka kwanza.

Wako akupendaye daima