Uhalisia wa tamthilia ya polisi uko kwenye makaratasi

Mhariri,

Tangu tamthilia ya polisi ya Homicide: Life on the Street ianze kuoneshwa mtandaoni Marekani Agosti 2024, baada ya kukwama miaka mingi kwa sababu ya hakimiliki za muziki, wengi wanaisifu kwa uhalisia wake, na karibu wote wanaishia kwenye kamera. Ni kweli ilipigwa kwa kamera za kubebwa, filamu ya milimita 16, katika jengo la gatini Fells Point, Baltimore. Lakini kamera inayotikisika yeyote anaweza kuiiga. Kazi ya upelelezi ndiyo ngumu kuiga.

Tazameni ule ubao ukutani mwa ofisi ya wapelelezi. Simu ikilia, mpelelezi atakayeipokea ndiye mwenye kesi. Jina la marehemu linaandikwa chini ya jina la mpelelezi huyo kwa wino mwekundu, na mtu akishakamatwa linaandikwa upya kwa wino mweusi. Utaratibu huo umetoka kwenye kitabu cha David Simon cha 1991, mwandishi aliyekaa na kikosi cha mauaji cha jiji hilo mwaka mzima wa 1988. Wino mweusi haumaanishi kwamba kuna aliyetiwa hatiani. Kwa hesabu za polisi wa Marekani, kesi imefungwa pale mtu anapokamatwa, akashtakiwa na kukabidhiwa kwa waendesha mashtaka. Ikianguka mahakamani baadaye, hesabu ya polisi haiguswi. Usipolijua hilo, hutaelewa kwa nini mkuu wao, Luteni Giardello, anawabana wapelelezi wake hivyo, wala kwa nini wanapigania mtu akiri.

Kisha kuna chumba cha mahojiano. Mtuhumiwa anaachwa kwanza peke yake, akae na mawazo yake. Mpelelezi anaingia na karatasi ya haki: kukaa kimya, kuwa na wakili. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1966, iitwayo Miranda, aliye kizuizini hahojiwi kabla ya kuelezwa haki hizo, na akisema waziwazi kwamba anataka wakili, maswali yanakoma. Ustadi wa mpelelezi Frank Pembleton, aliyeigizwa na Andre Braugher, ni kumfanya mtu aone kusaini ile karatasi ni jambo dogo, aendelee kuzungumza. Tamthilia nyingi husoma haki hizo wakati wa kufunga pingu, kwa mbwembwe, kisha basi. Sheria haidai zisomwe wakati huo. Inazidai kabla ya maswali.

Kilele ni kipindi cha 1993 kiitwacho Three Men and Adena. Karibu chote kimo ndani ya chumba hicho: wapelelezi wawili, mchuuzi mzee wa matunda, na saa 12 za kumfanya akiri kumuua msichana, Adena. Hakiri. Pembleton anatoka akiamini ndiye, na mwenzake Bayliss, aliyeingia na uhakika wote, anatoka na shaka. Kesi hiyo haikupata jibu hadi mwisho, kama yalivyobaki bila jibu mauaji halisi ya msichana wa miaka 11 yaliyoizaa. Kuwanyima watazamaji jibu kulihitaji ujasiri, na naliheshimu sana hilo.

Misimu ya mwisho siitetei. Kituo cha televisheni cha NBC kilitaka watazamaji zaidi, na msimu wa sita ukafika mahali risasi zinarindima ndani ya ofisi ya kikosi. Wapelelezi wa mauaji hufika watu wakiwa wameshakufa. Silaha yao ni kalamu na subira, na tamthilia iliyokuwa imelionesha hilo vizuri kuliko zote ikaliacha.

Naomba kurasa zenu za burudani zinapoandika kuhusu tamthilia za polisi zigusie mambo haya. Na anayeanza kuitazama hii ajue kwamba kipindi cha Night of the Dead Living kilipangwa kiwe cha tatu, kikarushwa mwisho wa msimu wa kwanza. Anayefuatilia kesi ya Adena akitazame kikiwa cha tatu.

Mfuatiliaji wa tamthilia za upelelezi