Mzazi akileta majibu ya kipimo cha mate, tumwambie nini?

Ndugu Mhariri,

Sisi ni walimu wa watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, na kuna jambo linatukwamisha. Wazazi wameanza kuwapima DNA, kwa mate, wadogo wa wanafunzi wetu, watoto wa miaka mitano ambao hata herufi hawajamaliza. Karatasi ya majibu inasema "hatari kubwa" au "hatari ndogo" ya disleksia, na mzazi anataka jibu letu papo hapo.

Disleksia inarithiwa sana. Tafiti za mapacha zinakadiria mchango wa jeni kati ya asilimia 40 na 70. Hata hivyo, hakuna jeni moja inayoileta. Utafiti wa mwaka 2022 uliolinganisha watu wazima 51,800 waliosema wana disleksia na wengine zaidi ya milioni moja ulipata maeneo 42 ya DNA, kila moja likiongeza hatari kidogo mno. Alama iliyojumlisha tofauti hizo ndogondogo ilieleza si zaidi ya asilimia 6 ya tofauti za usomaji baina ya watu. Tena ilitokana na data za watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo kwa mtoto wa asili nyingine inakosea zaidi. Ripoti inayopima jeni mbili tatu, mathalani DCDC2 na KIAA0319 za kromosomu ya 6, haina uzito hata huo.

Historia ya familia inatufaa zaidi, nayo haina gharama: kati ya watoto wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye disleksia, takriban 45 kati ya 100 nao huwa nayo, kutegemea kigezo kinachotumika kuitambua.

Kinachotutia hofu hasa ni karatasi ya "hatari ndogo". Mzazi anapumua, anaacha kumfuatilia mtoto ambaye kaka yake bado anahangaika na aya moja. Na kwa Kiswahili, kinavyoandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto huyo anaweza kusoma bila makosa mengi. Kasi yake ndogo ya kusoma ndiyo inayomfichua, tena akiwa amechelewa.

Kwa sasa tunapima mambo matatu: kutaja herufi, kutenga sauti ("meza" bila /m/), na kutaja picha haraka.

Tunaomba ushauri. Je, tuanze masomo mafupi ya kila siku ya sauti na herufi kwa sababu ya historia ya familia peke yake, au tungoje mtoto ashindwe kipimo kimojawapo? Na mwenye "hatari ndogo" mkononi tumwambie maneno gani, aendelee kumleta mtoto?

Walimu wa usomaji