Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, assalaam aleikum.

Mwaka huu tulipanda miche michache ya mikoko kuliko mwaka jana, na tulikusudia hivyo. Vijana wa kitaluni wameuliza kwa nini, nami naanza na jibu lao.

Kaboni nyingi ya msitu wa mikoko haimo kwenye miti tunayoiona, imo kwenye tope. Majani na mizizi ikifa hufunikwa na tope lisilopitisha hewa, huoza polepole mno, na kaboni yake hukaa huko kwa mamia ya miaka. Miti ikikatwa na tope likafukuliwa, hewa huingia na akiba hiyo huanza kutoka. Hakuna mche wa leo utakaoirudisha tukiwa hai. Ndiyo maana kamati ilielekeza fedha kwenye doria na kwenye shamba la mivinje, ili anayehitaji boriti au kuni asiingie mikokoni na shoka. Kijiji cha Gazi, kule Kwale, nako walipanda mivinje kwa sababu hiyo hiyo.

Tulikopanda, tulifuata maji, kila aina ya mikoko mahali pake: mlilana mbele penye mawimbi, mkoko nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu kule juu ambako bahari hufika wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana.

Sasa, swali la kila mkutano: pesa za kaboni lini, yaani malipo ya kaboni inayohifadhiwa na msitu? Mikoko Pamoja, mradi wa kaboni wa Gazi, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa hekta 117 tu, na mauzo yake ya kaboni yamewapatia wanakijiji maji na vitabu vya shule. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata. Lakini Gazi walianza kuirudisha mikoko yao tangu miaka ya 1990, pamoja na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Sisi hatujafika hapo. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo hatuna cha kuuza kabla ya kupata mkataba wa usimamizi na Huduma ya Misitu. Rasimu ya mpango wetu iko tayari, na itasomwa leo.

Akija dalali na karatasi za kutia saini, mleteni kwa kamati. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka mradi wa kaboni katika ardhi ya umma uwe na mkataba wa maendeleo na jamii yenyewe. Haki hiyo ni yenu, msikubali iamuliwe faraghani.

Nawashukuru akina mama wa doria, ambao walikesha hata siku za mvua.

Hoja yangu kwenu ni moja: tukubaliane kuwa mkono wa kaskazini wa mkondo usiguswe na mtu, mwanachama au mgeni, hadi mkutano ujao. Mhazini atasoma hesabu, kisha tupige kura.