Kosa la Merkel ni la 2015

Mhariri,

Katika mjadala unaoendelea kurasani mwenu, viongozi wa Magharibi waliowahi kushughulika na Urusi wametiwa wote kapu moja, wakilaumiwa kwa kuiendekeza. Naomba kila uamuzi upimwe kwa yaliyojulikana siku ulipotolewa, na kwa njia nyingine zilizokuwa wazi siku hiyo.

Mkutano wa NATO, Bucharest, Aprili 2008: Rais Bush wa Marekani alitaka Ukraine na Georgia zipewe mpango wa maandalizi ya kujiunga na umoja huo wa kijeshi, Kansela Merkel wa Ujerumani na Rais Sarkozy wa Ufaransa wakakataa. Hoja yao ilikuwa na uzito. Georgia haikuwa ikiyatawala majimbo yake yaliyojitenga, yaani Abkhazia na sehemu kubwa ya Ossetia Kusini, na Waukraine wenyewe walikuwa wamegawanyika kuhusu NATO. Palipoharibika ni kwenye maafikiano. Tamko lilisema nchi hizo mbili zitakuwa wanachama, lakini halikutaja tarehe wala ulinzi wowote wakati wa kusubiri. Moscow ikapata kisingizio, Ukraine na Georgia zisipate ngao. Agosti mwaka huo majeshi ya Urusi yalisonga ndani ya Georgia. Lawama hiyo ni ya wote walioafiki, Bush akiwemo.

Nord Stream 2, bomba la gesi kutoka Urusi hadi Ujerumani, ni shauri jingine kabisa. Wanahisa walitia saini mkataba wake Septemba 2015, mwaka mmoja na nusu baada ya Urusi kuitwaa rasi ya Crimea kutoka Ukraine, eneo la Donbas mashariki mwa Ukraine likiwaka moto na Umoja wa Ulaya ukiwa umekwisha kuiwekea Urusi vikwazo. Hapa Merkel na serikali yake hawawezi kusema hawakujua. Poland na nchi za Baltiki zilipinga waziwazi. Nord Stream ya kwanza ilikuwa na uwezo wa mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka, na ya pili ingeongeza kiasi kilekile, yote ikipita chini ya bahari bila kugusa Ukraine. Mabomba yanayokatiza Ukraine yalikuwa kinga yake: kuivuruga nchi hiyo kulimaanisha Urusi kuhatarisha mauzo yake yenyewe.

Wengi husahau kwamba mwaka huohuo Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ilichukua pia ghala la gesi la chini ya ardhi la Rehden, kubwa kuliko yote Ujerumani, lenye nafasi ya takriban mita za ujazo bilioni 4, kwa kubadilishana mali na kampuni ya Kijerumani ya Wintershall. Serikali ya Merkel haikuzuia. Mwishoni mwa 2021, baridi ikibisha hodi, ghala hilo lilikuwa karibu tupu. Na Ujerumani haikuwa na hata kituo kimoja cha kupokea gesi ya kimiminika kwa meli. Cha kwanza, cha Wilhelmshaven, kilifunguliwa Desemba 2022 baada ya ujenzi wa miezi michache tu, kwa hiyo njia nyingine ilikuwepo. Steinmeier, waziri wa mambo ya nje wa Merkel miaka ile, alikiri Aprili 2022 kwamba kung'ang'ania Nord Stream 2 lilikuwa kosa.

Kwa makubaliano ya Minsk ya Februari 2015, ya kusitisha vita vya Donbas, namtetea Merkel. Ni kweli kifungu cha 9 kiliahirisha kurejeshwa kikamilifu kwa udhibiti wa Ukraine juu ya mpaka wake na Urusi hadi baada ya uchaguzi wa Donbas na suluhu ya kisiasa, na hapo ndipo utekelezaji ulipokwama. Lakini askari wa Ukraine walikuwa wakibanwa Debaltseve, mji wa Donbas, na Rais Obama wa Marekani alikuwa amekataa kuwapelekea silaha za kuua. Makombora ya Kimarekani ya Javelin, ya kupigia vifaru, yalifika 2018. Anayemlaumu kwa Minsk atueleze Ukraine ingepigana na nini Februari ile.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam