Wasanii, iwekeni chini hiyo maiki

Mhariri,

Mimi si mtu wa maigizo. Ni fundi cherehani, na Jumamosi iliyopita niliingia ukumbini hapa Tabora kwa sababu moja tu: magwanda ya askari wa Kijerumani niliyashona mimi, nikataka kuona kama yatahimili vita. (Moja lilifumuka kwapani. Nakiri.)

Mchezo ulimhusu Mtemi Isike, mtawala wa Unyanyembe, huku huku kwetu Tabora. Mwisho wake wenyeji tunaujua: Januari 1893, askari wa Tom von Prince, yule afisa wa Kijerumani aliyeitwa Bwana Sakarani, walipolivamia boma lake, alijilipua kwa baruti asikamatwe. Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, ikaingia sikio hili na kutokea lile.

Sasa kero yangu. Wasanii walikuwa kumi na ushei, maiki moja. Mjerumani anamwelekezea Mtemi bunduki, kisha anampa maiki ili atukanwe vizuri. Mtemi akishamaliza kumtukana anamrudishia, kwa adabu kabisa. Ukumbi uliangua kicheko na mimi nikiwemo, maana huyo ni adui gani anayekushikia zamu? Mke wa Mtemi alilia machozi ya kweli, lakini sisi tuliokaa nyuma tulisikia spika ikikoroma tu.

Karibu na mwisho spika ikazima. Fundi mitambo akahangaika na nyaya, wasanii wakabaki kutazamana. Nikasema moyoni, ndiyo basi tena. Yule kijana aliyeigiza Isike akaitupa maiki juu ya gunia, akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, akaanza kusema kwa koo lake mwenyewe. Wala hakupiga kelele. Aliwaaga watu wa ikulu yake mmoja mmoja, taratibu (na neno hili ikulu, tunalolisikia kila siku kwenye taarifa ya habari, ni la huku kwetu Unyamwezini). Ukumbi ukatulia tuli. Hata vijana waliokuwa wakirekodi kwa simu walizishusha. Mlipuko wenyewe ulikuwa pigo moja la ngoma nyuma ya pazia, basi. Bibi aliyekaa kando yangu alinishika mkono, wala hatujuani. Kwa mara ya kwanza nikamfikiria Isike kama mtu mwenye mwili, aliyesimama mbele ya pipa la baruti na moto mkononi.

Vikundi vyetu, hiyo maiki ya nini? Kumbi zetu si viwanja vya mpira. Muuza karanga wa stendi hana spika na tunamsikia hadi ng'ambo ya barabara. Fedha ya kukodi mitambo iwe nauli ya wasanii, mfanye mazoezi ya sauti wiki mbili zaidi.

Na kiongozi wa kikundi kile akiisoma barua hii, alilete lile gwanda nilirudie kwapa. Bure.

Fundi cherehani,
Isevya, Tabora