Vyungu vya Jumamosi

Ndugu zangu, Jumamosi saa nne asubuhi tukutane Makumbusho ya Uganda, Kitante. Mwenye chungu cha zamani aje nacho, ila tafadhali msivisugue! Ule weusi unaong'aa wa vyungu vya Bunyoro ni grafiti (madini meusi kama ya ndani ya penseli) iliyopakwa na kusuguliwa kwa mkono wa mfinyanzi. Ukipitisha waya wa sufuria, umeharibu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Kubeba, kamata tumboni na chini, si mdomoni.

Na mkitaka kununua chungu cha zamani, muulizeni muuzaji kilikuwa cha nani. Kilichofukuliwa ardhini tusinunue kabisa. Kichwa cha udongo cha Luzira, sanamu ya kale ya hapa Kampala, kilifukuliwa 1929, na mpaka leo kiko British Museum, London. Inaniuma sana.

Mama zetu wanaojua kufinyanga, njooni nao.