Sifa ya kipaji inatuumiza kuliko dharau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu namna sisi wanafunzi wa shahada ya uzamili katika sanaa tunavyochukuliwa na watu, na tunavyosawiriwa katika makala na tamthilia. Sura zetu huwa mbili tu: mtu aliyekosa masomo ya maana akakimbilia rangi na udongo, au mwenye kipaji cha kuzaliwa ambaye mkono wake hujiendea wenyewe. Ya kwanza ni dharau, na tumeizoea. Ya pili huja kwa jina la sifa, nami naona ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu anayeamini kwamba kazi hii ni kipaji kitupu haoni sababu ya mtu kuisomea miaka miwili au mitatu, wala ya kulipwa kwa kuifanya.

Mimi ni mfinyanzi. Muhula uliopita nilichoma vigae vya majaribio zaidi ya 100, kila kimoja na namba yake mgongoni, nikitafuta mchanganyiko wa majivu na madini ya chuma utakaoyeyuka na kuwa kioo juu ya chombo bila kutiririka. Usiku wa kuchoma hatulali. Hata moto ukishazimwa, tanuri linapopoa na kukaribia nyuzi joto 573 za Selsiasi, chembe za kwatsi (madini magumu yapatikanayo sana katika mchanga) zilizomo katika udongo hubadilika umbo na kusinyaa ghafla, na atakayefungua mlango kwa pupa ataokota vigae vilivyopasuka. Kilichosalimika huwekwa mezani mbele ya walimu na wenzetu, ambao huweza kuuliza saa nzima kwa nini mdomo wa chungu umepinda vile, na kusema kwamba umependa tu hakupokelewi kuwa jibu.

Mchongaji Elizabeth Catlett, aliyepata shahada kama hii yetu ya uzamili katika uchongaji mwaka 1940 kwenye Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliwasilisha sanamu ya jiwe ya mama na mtoto, baada ya mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, kumhimiza achonge anachokijua vizuri zaidi. Kipaji alikuwa nacho, hakuna abishaye, lakini alikwenda kufundishwa na akafundishika.

Mwandishi wako atakapohudhuria tena maonyesho ya wahitimu, namsihi, akishakipiga picha chungu kilichofaulu, aombe pia kuonyeshwa sanduku la vigae vilivyoharibika. Kila mfinyanzi analo chini ya meza yake.

Wako,
Mwanafunzi wa uzamili, ufinyanzi